Ua dogo la mlimani bustanini: helikrisamu, impatiensi au violeti ya Usambara?

Watu wengi waliopanda Kilimanjaro, Meru au Mlima Kenya hurudi na picha nyingi za maua kuliko za kilele. Kilele hufunikwa na wingu saa yoyote kinapotaka, lakini maua yako pale pale pembeni mwa njia. Wakishafika nyumbani huuliza: hili ua naweza kulipanda kwangu?

Linawezekana, ila si ua lolote kwa nyumba yoyote. Maua ya milima yetu yamejipanga kwa kanda, na kila moja limezoea ukanda wake: joto lake, ukungu wake, jua lake. Mpandaji hodari wa Dar es Salaam atashindwa na ua ambalo mzembe wa Njombe analiotesha bila jasho. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na nyumba yako ilipo, uzuri unafuata baadaye.

Nimechagua matatu, yote madogo, yote ya asili ya Afrika Mashariki. Helikrisamu ni ya juu kabisa, kwenye nyasi na mawe baada ya msitu kuisha. Impatiensi ya Kilimanjaro ni ya katikati, ndani ya msitu wa mvua. Violeti ya Usambara ni ya chini zaidi, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu.

Jambo moja litangulie. Huwezi kung'oa mche, kukata kipandikizi wala kuchuma mbegu ndani ya hifadhi ya taifa, na kwa Kilimanjaro hilo linahusu msitu pia, kwa kuwa mipaka ya hifadhi ilipanuliwa mwaka 2005 ukaingizwa ndani. Kwa hiyo swali la pa kupata mbegu halali nimelifanya kigezo kamili.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni usiku. Kadiri unavyopanda mlima, joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kila mita 100. Helikrisamu iliyozoea mita 3,500 ukiishusha Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, umeiongezea nyuzi 12 au 13. Ukiifikisha Mombasa umeiongezea zaidi ya 20. Mchana wenyewe si adui mkubwa, maana juu kule jua la saa sita linachoma kwelikweli. Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi aliyeichunguza sana mimea ya vilele vyetu, aliieleza hali ya hewa ya huko kuwa ni kiangazi kila mchana na majira ya baridi kila usiku. Usiku ukiwa wa joto, mmea unaendelea kuitumia sukari iliyotengeneza mchana badala ya kuiweka akiba. Unakuwa mrefu, mlegevu, wenye maua machache, na mwisho unaoza shingo, yaani pale shina linapoingia udongoni.

Cha pili ni mwanga: jua kamili, kivuli chepesi au ndani ya nyumba. Cha tatu ni udongo na maji, na hapa haya matatu yanatofautiana vibaya sana, kiasi kwamba mchanganyiko unaolifaa moja unaliua lingine. Cha nne ni pa kuipata mbegu au mche kihalali. Cha tano ni kazi ya kila wiki, pamoja na muda wa kusubiri hadi ua la kwanza.

Sikuweka bei kuwa kigezo. Hakuna hata moja kati ya haya litakalokufilisi.

Helikrisamu ya mlimani

*Ilikotoka.* Kati ya mimea ya maua ya Kilimanjaro, hizi ndizo za mwisho kukata tamaa. Helichrysum newii imeonekana Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, juu ya mita 5,500, mahali ambapo karibu kila mmea mwingine wa maua umeshabaki nyuma. Jina hilo linamkumbuka Charles New, mmisionari Mwingereza aliyefika kwenye ukingo wa theluji mwaka 1871. Ile ndogo ya kupendeza zaidi, na ndiyo wengi wanayoipiga picha, ni Helichrysum meyeri-johannis, nyeupe yenye wekundu wa waridi, inayoota kwenye nyanda za juu ya msitu.

Ukilitazama ua lake kwa karibu utagundua kwamba kinachong'aa si petali. Ni vijani vikavu, vyembamba, vimepangwa tabaka juu ya tabaka kuzunguka kitovu cha njano, na kitovu hicho chenyewe ni kundi la vijiua vidogo mno. Ukivibonyeza kwa kidole vinatoa mlio wa karatasi. Jua likitoka vinafunguka. Ukungu wa alasiri ukishuka vinajifunga na kukikinga kitovu kisilowe. Kwa sababu ni vikavu tangu vikiwa hai, ua lililokatwa halinyauki. Ukiliweka kwenye chupa isiyo na maji linakaa miezi.

*Usiku na urefu wa mahali.* Hapa hakuna kubembeleza. Zile za juu kabisa, kama newii, usizihangaikie popote wanapoishi watu. Meyeri-johannis inahitaji usiku wa baridi kweli: Makete, sehemu za juu za Njombe, Limuru, Nyahururu, Kinangop. Mita 2,000 naona ndiyo mwanzo wa matumaini. Kwenye mita 1,400 hadi 1,900 ni bora kuchukua jamaa yake, Helichrysum odoratissimum, ya njano, yenye majani ya fedha na harufu nzuri, ambayo huota yenyewe kwenye nyasi za nyanda nyingi na haijali sana joto.

*Mwanga.* Jua kuanzia asubuhi hadi jioni. Kivuli cha mti wa parachichi, hata cha saa chache, kinatosha kuiharibu umbo.

*Udongo na maji.* Hiki ndicho kigezo kinachowaangusha wengi hata wale wanaoishi pahali penye baridi. Udongo mweusi wa shamba uliojaa samadi, ule unaojivunia kwa mboga zako, ndio mbaya kuliko wote kwa mmea huu. Juu mlimani mizizi yake imezoea mawe na mchanga wa volkano ambako maji hupita moja kwa moja. Changanya fungu moja la udongo wa kawaida, moja la mchanga mnene wa mtoni (si ule laini wa kupigia lipu), na moja la kokoto nyeusi zenye matundu zinazopatikana kwa wingi kuzunguka Meru na Kilimanjaro. Inua tuta kwa kiasi cha sentimita 30 juu ya ardhi, au tumia mteremko wa ukuta wa mawe. Halafu tandaza kokoto ndogo kuzunguka shingo ya mmea, tabaka la vidole viwili, ili majani ya chini yasilale kwenye udongo ulolowa. Kokoto hizo zina kazi kubwa kuliko mbolea yoyote utakayonunua. Masika yakizidi, kipande cha bati au plastiki ngumu kilichoinuliwa juu ya tuta kitaokoa mmea. Kisiguse majani, na pande ziachwe wazi upepo upite.

*Pa kuipata.* Ndipo pagumu. Vitalu vya mijini haviuzi helikrisamu za mlimani, na pakiti za mbegu za maua makavu utakazoziona madukani karibu zote ni Xerochrysum bracteatum ya Australia. Ni nzuri, ni rahisi, ila si ya kwetu. Usidanganyike na picha. Njia halali ni kuokota mbegu za helikrisamu zinazoota kwenye ardhi yako, ya ndugu au ya jirani aliyekuruhusu, nje ya hifadhi na misitu ya hifadhi. Mbegu ni ndogo, zina manyoya, na zinapeperuka siku chache tu baada ya kukomaa, hivyo funga kifuko cha kitambaa chepesi kwenye ua kabla hazijaruka.

*Kazi na maua.* Mbegu zisifukiwe; zinyunyizie juu ya mchanga uliolowa na uzikandamize kidogo, kwani zinahitaji mwanga. Baada ya miche kushika kazi ni ndogo mno: kupalilia kwa mkono, kukata maua yaliyozeeka, kuacha kumwagilia. Hilo la kuacha kumwagilia ndilo gumu kwa mtu aliyezoea kupita bustanini na kopo kila jioni.

*Inamfaa* mkaazi wa nyanda za juu mwenye jua, mteremko na mawe, asiye na muda mwingi lakini mwenye uwezo wa kuzuia mkono wake. Haimfai mtu wa mjini mwenye joto, wala mwenye bustani moja tu yenye rutuba kila pembe.

Impatiensi ya Kilimanjaro

*Ilikotoka.* Impatiens kilimanjari haipatikani popote duniani ila Kilimanjaro. Utaiona ndani ya msitu wa mvua, kwenye njia za Machame, Umbwe na Marangu, ikining'inia kwenye kingo zenye kuvu na majani yanayotiririsha maji. Ua lake ni jekundu lenye mguso wa njano, na nyuma lina mrija uliojikunja ambao waongoza wageni huufananisha na mkonga wa tembo. Ndani ya mrija huo mna asali ya ua, na ndege chozi, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anaufikia vizuri.

*Usiku na urefu wa mahali.* Inapenda ubaridi wa wastani usio na umande wa kuganda. Mita 1,400 hadi 2,200 ni mahali pake: vijiji vya juu vya Wachagga, Lushoto, Usa River kwa juu, Tigoni, Kericho. Njombe itaishi vizuri hadi Juni au Julai umande unapoganda. Shina lake limejaa maji, na usiku mmoja wa kuganda unaligeuza uji mweusi. Chini ya mita 1,000 unaweza kuiweka hai, lakini unapigana nayo kila siku.

*Mwanga.* Kivuli chepesi kinachocheza. Chini ya migomba na kahawa kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga, ni kama umeandaliwa kwa ajili yake. Jua la asubuhi linaruhusiwa. Jua la saa nane mchana linaifanya ilale chini ndani ya nusu saa, ingawa ikipata maji na kivuli huinuka tena.

*Udongo na maji.* Kinyume kabisa cha helikrisamu. Upande wa kusini wa Kilimanjaro, kwenye mita 2,200 hivi, mvua ya mwaka inazidi milimita 2,500, na impatiensi imeumbwa kwa hilo. Inataka mboji nyingi, majani yaliyooza, unyevu usiokatika. Ukiwa na mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unaopita kando ya shamba, panda kwenye ukingo wake na umemaliza shida ya maji. Lakini usichanganye unyevu na kutuama: maji yakisimama shina huoza kuanzia chini na hutajua hadi liangukie upande.

*Pa kuipata.* Yenyewe halisi huuzwa na wapenzi wa mimea wa Ulaya na Marekani kuliko sisi wenye mlima, na jambo hilo linaniudhi kila ninapolifikiria. Huku kwetu, ulizia kwa watunza bustani wa nyumba za wageni na mashamba ya kahawa yaliyo mitelemkoni. Wengine wameikuza bustanini kwa muda mrefu na kipandikizi kimoja kinatosha. Ujue pia kwamba huchanganyika kirahisi na ndugu yake Impatiens pseudoviola, hivyo mche unaopewa unaweza kuwa na maua ya rangi ya waridi au chungwa. Si kosa la aliyekupa.

Ukikosa kabisa, ipo Impatiens walleriana, asili ya Afrika Mashariki pia, ile yenye maua bapa ya rangi zote ambayo kila kitalu kinauza na wengi hudhani imetoka Ulaya. Historia yake inapita Zanzibar: mbegu zilipelekwa bustani ya Kew, Uingereza, na John Kirk, balozi wa Waingereza kisiwani, na hapo mwanzo ikaitwa Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Leo ni miongoni mwa maua ya bustani yanayouzwa zaidi duniani. Inavumilia joto kuliko ya Kilimanjaro, ila inashambuliwa na ugonjwa wa ukungu unaofanya majani yapauke, yawe na unga mweupe chini yake, kisha yadondoke yote. Mmea ukishaonyesha dalili hizo ung'oe na kuuchoma. Usiutupe kwenye mboji.

*Kazi na maua.* Kipandikizi cha urefu wa kidole, kilichokatwa chini kidogo ya kifundo na kuwekwa kwenye glasi ya maji, huota mizizi ndani ya wiki moja au mbili. Maua yanafuata baada ya miezi michache na hayasimami, mradi unyevu upo. Kazi ya kila wiki ni kumwagilia na kuwasaka konokono, hasa usiku baada ya mvua. Kila baada ya miezi kadhaa ikate nusu, la sivyo inabaki miguu mirefu na kichwa kidogo.

Watoto wataipenda kwa sababu ya tumba za mbegu. Likikomaa, tumba hujaa hadi likawa gumu na la kung'aa. Ukiligusa tu linapasuka, kuta zake zinajikunja ghafla na mbegu zinarushwa mbali. Ukitaka kuzikusanya, lifunge tumba zima ndani ya kiganja kabla hujalibonyeza.

*Inamfaa* mwenye kihamba, mwenye bustani yenye miti, mtu anayependa kuona ndege dirishani. Haimfai anayesafiri kwa wiki mbili bila mtu wa kumwagilia.

Violeti ya Usambara

*Ilikotoka.* Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya huko Tanga, aliikuta na kuipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaipa jina la Saintpaulia ionantha; siku hizi wataalamu wameihamishia kwenye jenasi (kundi la mimea ndugu) ya Streptocarpus. Kutokana na mwanzo huo zimezalishwa aina zisizohesabika, na karibu kila dirisha la jikoni Ulaya limewahi kuwa nayo. Wakati huohuo nyingi za mwituni ziko hatarini kwa sababu misitu inayozitia kivuli inakatwa. Zipo Usambara Mashariki kuzunguka Amani, zipo Uluguru na Nguru, na msitu wa Mbololo huko Taita una ya kwake.

Msomaji mkali atasema hii si ua la kilele. Ni kweli. Nimeiweka kwa sababu kati ya haya matatu ndiyo ambalo mtu wa gorofani anaweza kulikuza kwa urahisi, na kuliacha lingekuwa kuwafungia mlango nusu ya wasomaji.

*Usiku na urefu wa mahali.* Nyuzi 18 hadi 24 ndiyo raha yake. Chini ya 10 inadhurika, kwa hiyo Njombe ya Julai ikae ndani. Kwa joto ni mvumilivu kuliko inavyodhaniwa: baadhi huota kwenye mawe ya chokaa kule Amboni karibu na Tanga, mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Sharti ni kivuli kizito na hewa isiyo kavu. Chumba chenye kiyoyozi kinachovuma usiku kucha kinaikausha ncha za majani.

*Mwanga.* Mwangaza mwingi bila jua la moja kwa moja. Dirisha linalotazama mashariki lenye pazia jepesi, au baraza yenye kivuli. Majani yakisimama wima yakitafuta mwanga, isogeze karibu. Yakipauka na kujikunja chini, iondoe juani.

*Udongo na maji.* Chungu kidogo, kisichozidi theluthi moja ya upana wa mmea. Mchanganyiko mwepesi: mboji iliyochekechwa, mchanga na kokoto laini. Maji ndiyo yanayoiua, kwa njia mbili. Ya kwanza ni kujaza hadi kitovu kikaoza. Ya pili ni kumwaga maji ya baridi juu ya majani: yakiwa baridi kuliko jani, yanaacha mabaka ya manjano yasiyofutika. Weka maji ya joto la chumba kwenye kisahani, iache inywe kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi. Anayesafiri apitishe utambi wa nailoni kutoka kwenye tundu la chungu hadi kwenye kopo la maji chini yake. Kwa njia hiyo mmea unajinywesha wenyewe kwa wiki nzima au zaidi.

*Pa kuipata.* Hapa inawashinda wenzake kwa mbali. Vitalu vya Nairobi, Arusha na Dar es Salaam huwa nayo, na rafiki mwenye mmea mmoja anaweza kukupa jani. Kumbuka ni chotara za biashara, zimepita mikononi mwa Wajerumani na Wamarekani kabla ya kurudi. Ukitaka kuiona ya mwituni, nenda Amani ukaitazame na uiache ilipo.

*Kazi na maua.* Chagua jani la katikati, si la zamani wala changa. Likate likiwa na kikonyo cha sentimita 3 hivi, kwa wembe safi na mkato wa mshazari, ulichomeke kwa kulilaza kidogo kwenye mchanga wenye unyevu na kulifunika na chupa ya plastiki iliyokatwa. Kwa wiki kadhaa hutaona kitu. Kisha, kwenye shina la kikonyo, vinatokeza vijani viwili vitatu vyenye manyoya, vidogo kuliko punje ya mchele, na jani mama bado liko pale pale. Vikifika ukubwa wa sarafu vitenganishe. Kutoka jani hadi ua ni miezi sita hadi mwaka. Baada ya hapo inaweza kuchanua karibu mwaka mzima. Kagua chini ya majani kila wiki uone kama kuna wadudu weupe wenye pamba. Ukiwaona mapema, kijiti cha pamba chenye spiriti kinatosha.

*Inamfaa* mpangaji wa chumba, mzee anayetaka mmea wa mezani, nyumba yenye paka, kwa kuwa haina sumu kwao. Haimfai anayetaka kuona bustani ya nje ikijaa rangi.

Na zile nyingine?

Wengi huulizia Kniphofia thomsonii, yenye mkuki wa maua ya chungwa, na Gladiolus watsonioides, nyekundu, ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Zote ni nzuri na zote zinakubali bustani ya nyanda za juu, ila hazina udogo tunaouzungumzia hapa: zinadai nafasi ya mita nzima. Okidi za Kitulo, hifadhi ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, usiziguse kabisa. Zimekwisha kuchimbwa vya kutosha kwa ajili ya chikanda, chakula cha viazi vya okidi kinacholiwa Zambia, na ukizihamishia nyumbani bila kuvu wa udongo wao zinakufa hata hivyo.

Uchague lipi, kwa hali yako

Unaishi juu ya mita 2,000, una jua na mteremko: anza na helikrisamu, na weka nguvu zako zote kwenye kokoto na njia ya maji. Ukiwa na kona yenye miti hapo hapo, impatiensi inaweza kukaa humo, mradi umande hauigandishi.

Uko Moshi vijijini, Lushoto, Kiambu au kwingineko kati ya mita 1,400 na 2,000: impatiensi itakupa maua mengi kwa kazi ya kawaida. Ukiwa na tuta moja kavu lenye jua, jaribu Helichrysum odoratissimum juu yake. Zitenge mbali, kwa sababu ukimwagilia moja unaiua nyingine.

Uko Moshi mjini, Morogoro au Kisumu, joto lipo lakini kivuli kinapatikana: Impatiens walleriana nje, violeti barazani. Ya Kilimanjaro halisi ijaribu kwenye chungu kwanza, upande wa nyumba usiopata jua la mchana.

Uko pwani: violeti, ndani, mbali na feni na kiyoyozi. Helikrisamu iache.

Una shamba la mboga lenye rutuba na hutaki kulibadilisha: impatiensi pembezoni, upande wa kivuli.

Uko Ulaya au Amerika Kaskazini na unataka kitu cha nyumbani dirishani: violeti ndiyo rahisi kuipata. Helikrisamu za mlima wetu usidhani zitapenda baridi ya huko. Zimezoea usiku wa kuganda unaofuatwa na jua asubuhi, hazijazoea miezi mitatu ya giza na udongo ulolowa. Kama unayo, iingize ndani Oktoba kwenye chumba chenye ubaridi na mwanga, na maji yawe kidogo sana. Impatiensi nayo iingie ndani kabla ya usiku wa kwanza wa kuganda, au chukua vipandikizi viwili vitatu Septemba uviweke kwenye glasi jikoni.

Umepanga nyumba na huenda ukahama mwakani: violeti kwenye chungu, au helikrisamu kwenye chungu cha udongo kisichopakwa rangi kama uko nyanda za juu. Kwa impatiensi usibebe mmea mzima garini. Kata vipandikizi siku moja kabla, vifunge kwenye gazeti lililolowa, na ule mmea mama mwachie mwenye nyumba.